Mtoro asiyekwenda popote

Nimerudi chuoni salama kutoka mazoezi ya kufundisha, nimekonda kidogo lakini nipo. Leo nina jambo moja la kusema, na kosa ni langu mwenyewe, kwa hiyo msinicheke sana.

Sisi wa ualimu tuna mbinu inaitwa igizo dhima. Unawapa wanafunzi nafasi za watu fulani kwenye tukio fulani, wanaingia humo na kuongea kama wale watu. Hakuna kukariri. Mwalimu anaandika kikadi kifupi tu, mengine wanabuni wenyewe. Kwenye desa inaonekana rahisi kweli.

Basi wiki ya pili, kidato cha pili, kipindi cha Kiswahili, nikaandika vikadi vinne. Mama: mkali. Mwalimu wa nidhamu: ana hekima. Mwanafunzi bora: mtiifu, anajituma. Mtoro: mvivu, hapendi shule. Nikajipongeza kabisa.

Dakika ya tatu igizo likafa. Mama kagomba, mwalimu kashauri, mwanafunzi bora kakubali kila kitu, kimya. Kijana niliyempa utoro alikuwa bado ameshika kikadi. Akaniuliza kwa sauti ndogo, "Mwalimu, huyu akitoroka anakwenda wapi?" Nikajibu, "Anazurura tu." Darasa zima likaangua kicheko. Yeye hakucheka.

Jioni nikafungua daftari la mahudhurio. Kumbe yule kijana hakosi kukosa kila Alhamisi. Mwenzake akanidokeza kuwa Alhamisi ni siku ya gulio, anabeba mizigo ya watu. Yaani nilimpa kadi yake mwenyewe, tena nimemwandika vile watu wanavyomsema. Usiku ule sikulala vizuri jamani.

Maoni yangu ni haya. Sifa peke yake haimfanyi mhusika avutie. "Mkali" utaigizaje? Utagomba, umemaliza. Mhusika anavutia akiwa anataka kitu, kuna kinachomzuia, na akikipata kuna kingine anapoteza. Mama anayejua kwamba hela ya madaftari imetoka kwenye mizigo aliyobeba mwanawe, huyo akigomba sauti lazima itamtetemeka. Halafu kwenye igizo hauko peke yako. Yule mwanafunzi bora wangu anayekubali kila kitu hakumwachia mwenzake hata neno moja la kujibu. Mhusika mzuri anawapa wenzake kazi.

Chukua Kinjeketile, tamthilia ya Ebrahim Hussein ya mwaka 1969. Kinjeketile wa historia alinyongwa na Wajerumani mwaka 1905, vita vya Maji Maji vikiwa vichanga. Hussein mwenyewe alieleza kuwa wake ni wa kubuni. Angeweza kumwandika shujaa mtupu, tukapiga makofi tukaenda zetu. Badala yake akamtia shaka. Mtu anatoka mtoni na ujumbe wa Hongo, kisha anagundua ndani ya maneno yake mwenyewe kuna habari ya kuwa watoto wa Sultani wa Unguja. Anataka watu wasubiri, nao wameshaiamini dawa kuliko wanavyomwamini yeye. Mwishoni yuko kifungoni, akikana maji tu mateso yanaisha, na hakani, maana anahofia vizazi vya mbele vitaona waliopigana walikosea. Mpe mtu yeyote nafasi hiyo, hata asiyewahi kupanda jukwaani, atapata la kusema.

Wiki iliyofuata nikaandika upya. Kadi ya mtoro ikasomeka hivi: "Unataka kufanya mtihani wa kidato cha pili. Leo ni siku ya gulio. Mfukoni una barua ya onyo, mama hajaiona." Nikampa mwanafunzi mwingine. Yule kijana wangu nikampa uwalimu wa nidhamu. Akamwangalia mtoro kwa muda, akamwuliza, "Jana ulikula nini?" Hakuna aliyecheka. Swali lile halikuwa kwenye kadi yoyote, na mimi nisingeliwaza.

Nimewasimulia wenzangu hapa kwenye vimbweta, mmoja akaniambia mtoto anahitaji mfano mzuri na mfano mbaya, basi, ukimtetea mtoro unafundisha utoro. Sikubaliani naye. Mtoro wangu wa pili bado alikosa shule, bado alilaumiwa, na mwisho barua ilisomwa. Tofauti ni kwamba safari hii darasa lilifikiri. Kwa mfano mzuri na mfano mbaya, watoto wanajua tangu mwanzo jibu unalolitaka. Wanakupa, kengele inalia, hawajabadilika kitu.

Kwa hiyo wewe unayekwenda mazoezi mwakani, kabla hujampa mtoto kikadi, simama nacho mwenyewe chumbani. Ukikosa la kusema baada ya sentensi mbili, kichane.

Yule kijana sikuwahi kumwomba radhi. Muda wangu uliisha, siku ya kuaga ikawa Alhamisi.

Haya, nawasilisha. Kesho kuna tesiti, acha nikapambane na desa.