Kamba ya Mbuzi na Pembe ya Nyumba

Askari aendapo zamu ya mbali, huwaachia jamaa zake mbuzi wa maziwa. Mama humfunga katikati ya ukuta wa nyumba yenye urefu wa mita 12 na upana wa mita 6, kwa kamba ya mita 6. Jioni majani yamekwisha, na maziwa ya mtoto yamepungua.

Hesabu yafaa itangulie. Urefu wa kamba huzidishwa kwa urefu huo huo, kisha kwa 22/7. Uwanjani mbuzi angepata mita za mraba 113; ukuta humnyima nusu, zikabaki 57. Kigingi kikisogezwa mita 3 kuelekea pembe ya nyumba, kamba huzunguka pembe na kuongeza 7. Mita 3 za mwisho, hadi penye pembe yenyewe, huongeza 21. Jumla ni 85.

Kamba ni ile ile, mbuzi ni yule yule. Lakini kwanza ipimwe bustani ya jirani: maharagwe yake yakiwa ndani ya mita 6, ugomvi utaila faida yote.