Chakula Kwanza, Miguu Baadaye

Ipo hoja moja ipendwayo na wagawaji wa misaada, nayo ni hii: vita au mafuriko yatokeapo, watu wapewe kwanza maji, chakula, hema na dawa, magongo, viti vya magurudumu, fimbo nyeupe na shimesikio vingoje utulivu. Hoja hii huvaa joho la busara, na kwa hiyo wengi huipisha bila ya kuihoji. Ikivuliwa joho, hubaki dhuluma tupu.

Kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya wakimbizi waliotoka Kongo. Mtoto aliyezaliwa humo mwaka ule amekwisha kuwa mtu mzima. Utulivu huo unaongojwa utakuja lini? Mtoto aambiwaye angoje mpaka dharura iishe ameambiwa angoje mpaka utoto wake uishe.

Tena chakula chenyewe hakina miguu. Hugawiwa mahali, na mahali hapo hufikiwa kwa kwenda. Bomba lina foleni yake, na choo kiko ng'ambo ya tope. Mtoto asiyeweza kutembea, naye hana kiti, hubebwa mgongoni na mama. Siku mama aendapo kupanga foleni, mtoto hubaki mkekani peke yake. Asiyesikia halijui tangazo la kipaza sauti kwamba watu wahame usiku huu. Kumwandalia mtu karamu ng'ambo ya mto na kumnyima mtumbwi, je, ni kumlisha?

Ripoti ya Shirika la Afya Duniani na UNICEF ya mwaka 2022 ilieleza kuwa watu zaidi ya bilioni 2.5 huhitaji kifaa saidizi kimoja au zaidi, na kwamba katika baadhi ya nchi maskini wavipatao ni asilimia 3 tu ya wahitaji. Tanzania iliridhia mwaka 2009 Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ambao ibara yake ya 11 huzitaka serikali ziwalinde watu hawa katika vita na maafa. Basi hapa haiombwi sadaka, ladaiwa deni.

Na sadaka nayo ina aibu zake. Kiti cha hospitali, chenye magurudumu madogo ya mbele yaliyokusudiwa sakafu laini, huletwa kambini na kuzama topeni siku ya kwanza. Kikikosa mto wa kukalia, huzaa vidonda, na vidonda hivyo vyaweza kuua. (Picha hupigwa siku ya kukabidhi, gurudumu lipasukapo, mpiga picha amekwisha kwenda zake.) Isitoshe, mtoto hukua. Mguu wa bandia umfaao leo humbana baada ya miezi sita au mwaka, na shimesikio lisilo betri ni kokoto sikioni.

Kwa hiyo ahitajiwaye kuliko shehena ni fundi. Shirika la Umoja mjini Goma na Heri Kwetu mjini Bukavu, kwa kusaidiwa na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, zimewapatia viungo vya bandia watu waliokatwa miguu vitani, katika nchi ambayo vita vyake havijaisha. Wasemao kuwa haiwezekani wakati wa dharura wawaulize mafundi hao, kisha waandike mishahara yao, vipuri na betri katika orodha ya lori la kwanza, karibu na unga na maharagwe.