Ugonjwa wa akili: Msiache dawa mgonjwa apatapo nafuu

Mama mmoja alimleta mwanawe katika kliniki yangu baada ya kumzungusha kwa waganga miezi minane. Kijana huyo, fundi wa magari, alisikia sauti zikimtukana na kuamini kwamba majirani walimtilia sumu chakulani. Kumbe alikuwa na dawa hapo awali. "Tuliona amepona, daktari, tukaziacha," mama akasema.

Maneno hayo huyasikia mara nyingi mno.

Skizofrenia si laana wala si matokeo ya malezi mabaya. Ni maradhi ya ubongo. Dawa ya kwanza ya kuyatuliza, klopromazini, ilianza kutumiwa Paris mwaka wa 1952. Kabla ya hapo madaktari walimzimisha mgonjwa kwa insulini au kumpasua ubongo, njia ambazo zilidhuru wengi na zikaachwa.

Je, dawa hizi zafaa? Uchunguzi uliojumuisha majaribio 65, uliochapishwa mwaka wa 2012, ulionyesha kwamba katika muda wa takriban mwaka mmoja, wagonjwa 64 kati ya 100 walioachishwa dawa walirudiwa na ugonjwa. Miongoni mwa walioendelea nazo, waliorudiwa walikuwa 27. Kwa hivyo dawa haziponyi kabisa, bali huzuia, jinsi zile za presha na kisukari zifanyavyo.

Wasiosaidiwa na dawa za kawaida wangali na tumaini. Katika jaribio la Marekani lililochapishwa mwaka wa 1988, klozapini iliwapa nafuu wagonjwa sugu 30 kati ya 100, ilhali klopromazini iliwasaidia wanne tu. Hata hivyo, anayeitumia sharti apimwe damu, kwani yaweza kupunguza chembe nyeupe.

Lakini lawama si ya wazazi pekee. Nilipomdadisi mama yule zaidi, alikiri kwamba siku moja shingo ya mwanawe ilipinda ghafla, naye akadhani dawa ni sumu. Hakuna aliyekuwa amemwonya! Shingo kupinda, mikono kutetemeka na uzito kuongezeka ni madhara tunayoyajua vyema sisi madaktari, na mengi hupungua dozi ikipunguzwa au dawa ikibadilishwa. Tukinyamaza kwa kuhofia kumtisha mgonjwa, tunamfukuza kliniki sisi wenyewe.

Maoni yangu ni kwamba asitoke mgonjwa yeyote kliniki kabla jamaa zake hawajaelezwa dawa itafanya nini, itaudhi vipi, na warudi lini. Wanaosahau tembe waulizie sindano ya kila mwezi. Wanaotaka maombi waombe, mradi dawa ziendelee.

Kijana yule sasa hudungwa sindano kila mwezi na amerejea gereji. Mamake angali ana wasiwasi kuhusu shingo, nami humpima kila ajapo.