BABU ZETU HAWAKUWA NAMBA



Wazee husema mwacha asili ni mtumwa. Je, aliyenyang'anywa asili yake tumwiteje?

Bibi mmoja wa tawi letu, mwenye umri uliopita miaka 80, alitutuma tumtafutie habari za babu yake, aliyechukuliwa upagazi katika Vita Kuu ya 1914 mpaka 1918, asirudi. Tukaenda katika ofisi moja ya kumbukumbu. Karani akatuuliza kwa adabu: "Mnayo namba yake?" Tukajibu kuwa tunalo jina lake, la baba yake, la jumbe wake na la kijiji chake. Akatikisa kichwa. Tuliporudi mikono mitupu, bibi akatuuliza: "Walijuaje kumchukua, wasijue kumrudisha?"

Swali hilo twawauliza wakoloni na warithi wao.

Vita ile haikuwa yetu. Mwingereza na Mjerumani waligombana kwao, wakaja kupigania kwetu, na mizigo ikapanda vichwani mwetu. Pande zote mbili zilikamata watu vijijini. Upande wa Mwingereza, mpagazi alivishwa kibati chenye namba. Wengi wao hawakufa kwa risasi. Waliuawa na njaa, kuhara, malaria na uchovu. Leo twanunua samaki na mchicha Kariakoo, Dar es Salaam, tukisahau kwamba jina hilo ni la jeshi lile la wapagazi, Carrier Corps, lililoharibika midomoni mwetu.

Na makaburi yao? Mwanzoni mwa miaka ya 1920, Gavana wa Tanganyika, Horace Byatt, alikuwa na rai kwamba makaburi makubwa ya wapagazi, Dar es Salaam na kwingineko, yaachwe yarudi kuwa pori upesi. Wala hakupenda kutazama hesabu ya waliokufa.

Msidanganywe kwamba serikali ile haikuweza kuandika. Mwaka 1922 iliandika sheria ya kodi ya nyumba na ya kichwa, ikajua kila kibanda kilipo. Kenya, mara baada ya vita, ilimfunga Mwafrika kipande chenye jina lake na alama za vidole vyake. Alipotakiwa kulipa alikuwa na jina. Alipokufa akawa hana!

Mwaka 1927 ikasimamishwa Sanamu ya Askari katikati ya Dar es Salaam. Maandishi yake yanaahidi kwamba wana watayakumbuka majina ya baba zao. Zungukeni sanamu ile, ndugu, mtafute jina hata moja la mpagazi. Hamtaliona.

Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola yenyewe ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hata 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Serikali ya Uingereza ikaomba radhi Bungeni. Radhi tumeisikia. Lakini radhi haiandikwi juu ya kaburi.

Wako wenzetu wasemao: "Hayo yamepita, mfu hafufuki." Twawajibu hivi: mtu asiyejua babu yake alilala wapi ataambiwa kesho kwamba babu yake hakuwapo. Wengine watasema jiwe moja kubwa la wote litatosha. Halitoshi! Askari wa Kizungu hakuzikwa kwa jumla. Aliandikiwa jina lake.

Kwa hiyo twadai orodha zote zilizobaki, London na hapa kwetu, zifunguliwe, zisomwe kwa majina ya watu na vijiji, tena kwa Kiswahili, hata asiye na namba apate kutafuta.

Lakini tusingoje. Kila tawi linunue daftari. Waendeeni wazee kabla hawajaondoka. Ulizeni: nani alichukuliwa wakati wa vita ya Mjerumani? Mwana wa nani, wa jumbe yupi? Nani alirudi akasimulia? Mjukuu gani alipewa jina lake? Kuna kibati sandukuni? Andikeni kila jina, na jina la aliyelitaja.

Sisi tumeanza. Ukurasa wa kwanza wa daftari letu una jina la babu wa bibi yetu. Bibi hajui kusoma, lakini alitaka aoneshwe lilipoandikwa, akaweka kidole juu yake, akanyamaza kwa muda mrefu.

Ninyi mtaanza lini?