Kukataa nyama si kumtukana mwenye nyumba

Siku ya posho jioni, katika sale za feti za Goma, Bukavu, Butembo ao Uvira, kunatokea mara kwa mara jambo dogo ambalo linaweza kuharibu uhusiano wa familia mbili. Watu wanajipanga mbele ya meza. Kuna bugali, wali, sombe, ndizi za kukaanga, na nyama ndiyo inangojewa zaidi. Mgeni mmoja anachukua wali, anaongeza sombe, anaruka nyama. Mama mwenye kugawa anabaki na kijiko juu: « Shemeji, juu ya nini unaacha nyama? Unatuogopa? »

Swali hilo si la mchezo. Mashariki mwa Congo, mtu akikataa chakula cha mwenzake, wengi wanawaza kwanza juu ya karuho, ile sumu inayosemwa kuua polepole, ambayo kila mtaa una hadithi yake. Kuacha nyama ya mwenye feti kunasomwa kama kumwambia kwamba yeye ni mlozi. Kwa hiyo mgeni anatafuta uongo haraka: « Mama, munganga alinikataza, niko na tansio. » Hapo wote wanatulia, wanamuonea hata huruma. Kumbe mtu huyo hana tansio. Hapendi nyama tu.

Ugonjwa unakubaliwa. Dini pia. Mtu kusema kwamba hataki, bila kuongeza neno, ndicho kitu ambacho watu hawakubali, na hapo kuna shida ambayo ingefaa izungumziwe katika familia.

Inasemwa mara nyingi kwamba kukataa nyama ni mambo ya Wazungu. Si kweli. Huku watu wamekataa nyama hii ao ile tangu zamani za mababu. Kuna koo ambazo zina mnyama wao, na mtoto wa ukoo huo hamgusi hata akiwa na njaa. Muislamu wa Kasongo ao wa Birere hali nguruwe, na hakuna anayemuuliza kama anaogopa kulogwa. Mkimbanguisti hali nguruwe wala makako. Muadventisti anaacha nguruwe na samaki isiyo na magamba kama kambale, na kanisa lake linamshauri, bila kumlazimisha, aachane na nyama yote. Mkatoliki anaacha nyama siku za tano za Kwaresima. Katika familia nyingi za Kivu wanawake walikatazwa kuku na mayai, na mpaka leo kuna nyumba ambamo firigisi ya kuku ni ya baba peke yake, hata kama mama ndiye aliyemfuga huyo kuku.

Makatazo hayo yote yanaheshimiwa kwa sababu kuna mtu mwingine aliyekataza: babu, shehe, pasta, munganga. Mtu akijikatalia mwenyewe, anaonekana mwenye kiburi. Ni ajabu kidogo. Mtu mzima anaaminiwa kuchagua mke, kazi na hata chama cha siasa, lakini kile kinachoingia katika tumbo lake lazima kiwe na sahihi ya mkubwa.

Wenye kuacha nyama wana sababu mbalimbali. Mmoja alilisha mbuzi majani tangu akiwa mtoto, siku moja akarudi kutoka masomo akamkuta katika chungu. Tangu siku hiyo harufu tu inamrudisha kule. Mwingine aliogopa wakati wa Ebola. Kati ya mwezi wa nane 2018 na mwezi wa sita 2020, huko Mangina, Beni na Butembo, ugonjwa huo uliua watu zaidi ya 2 200, na timu za afya zilipita mtaa kwa mtaa zikiomba watu wasiguse mnyama wa pori aliyekutwa amekufa. Ugonjwa ulitangazwa kuwa umekwisha, lakini si kila mtu aliyeirudilia nyama ya pori. Wengine wamesoma kwamba mwaka 2015 kitengo cha kansa cha Shirika la Afya Duniani, OMS, kiliweka nyama za kiwandani, kama sosisi na nyama za kopo, katika orodha ya vitu vinavyoleta kansa. Na kuna wasiokuwa na sababu yoyote: ladha yake haiwapendezi, basi. Hiyo nayo inatosha.

Lakini kuna jambo ambalo wenye kuacha nyama kwa kupenda wanapaswa kukumbuka mbele ya kufungua kinywa. Congo ni kati ya inchi ambamo watu wanakula nyama kidogo kabisa duniani. Mama anayepika sombe bila mafuta katika kambi ya wakimbizi hakuchagua kuishi bila nyama. Mbeba mizigo wa sokoni ambaye kilo moja ya nyama ya ngombe inaweza kumaliza pesa yake ya siku nzima, naye hakuchagua. Masisi ilikuwa na milima iliyojaa ngombe. Tangu vita vya 1993, makundi mengi yaliibiwa ao kuchinjwa, na wafugaji walikimbilia mjini mikono mitupu. Kijana mwenye mshahara kuja kusimama mbele ya watu kama hao na kuwafundisha kwamba nyama ni mbaya, ni kuwacheka. Ajikatalie yeye mwenyewe na aachie wengine brosheti yao ya mwaka mpya.

Hapo pia ndipo neno « kutokula nyama » linachanganya vitu viwili. Katika Bushi, mtoto anayevimba miguu, nywele zikigeuka rangi na uso ukikosa furaha, ugonjwa wake unaitwa bwaki. Ni jina ambalo wazazi wa Kabare na Walungu wanalijua sana, na Bukavu lilipatikana hata shirika lililojiita Comité Anti-Bwaki. Wanganga wanauhusisha na mtoto kulishwa muhogo siku kwa siku, bila maharagi, bila samaki, bila maziwa. Upande mwingine wa inchi, huko Kahemba katika Kwango, muhogo mchungu usiolowekwa vya kutosha umelemaza miguu ya watoto na wanawake wengi. Ugonjwa huo ni konzo, na unashika hasa wale ambao hawana chakula kingine chenye kujenga mwili. Yule wa bwaki na yule wa konzo hawakukosa brosheti peke yake. Walikosa karibu kila kitu ambacho kinapaswa kukaa kando ya bugali.

Mtu anayeacha nyama akiwa na maharagi, karanga, soja na mboga hayuko katika shida hiyo. Maharagi ndiyo nyama ya Kivu tangu zamani, hata kama watu wanaona haya kusema hivyo mbele ya wageni. Huko INERA Mulungu, karibu na Bukavu, watafiti walishughulika na mbegu za maharagi zenye feri nyingi, kwa ajili ya wanawake na watoto wanaopungukiwa damu. Na kuna mambo madogo ambayo hayaombi pesa nyingi: kukamua limau ao kutia tomate katika chakula kunasaidia mwili kuchukua ile feri, kunywa chai palepale baada ya kula kunaizuia. Sombe yenye karanga ni chakula kizito. Lengalenga inaota hata nyuma ya nyumba.

Inabaki vitamini moja, B12, ambayo mimea haina. Anayekula yai, maziwa ao fromaji ya Masisi ataipata humo. Anayekula sambaza, zile samaki ndogo zilizoletwa katika ziwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, hana wasiwasi pia. Anayeacha vyote, mpaka yai, inabidi amuone munganga juu ya vidonge, wala asidanganywe na mtu yeyote kwamba majani yatatosha. Na tofauti moja isisahauliwe: mtu mzima anaweza kujikatalia, mtoto wa miaka miwili hawezi kukatwa samaki na yai kwa sababu baba yake amesoma kitabu.

Wanaume wanaoacha nyama wana mzigo wao. Mke mpya asipokula nyama, familia ya mume haikasiriki sana. Fungu lake linaenda kwa wengine na wanasema ni mwanamke wa adabu. Mume asipoila, vijana wa nganda wanaanza kumuuliza kama yeye ni mwanaume kweli, kama vile nguvu za mwili zingekuwa zinapimwa kwa mfupa. Wabeba mizigo wenye nguvu kuliko wote wanapanda Birere na mifuko ya simenti wakiwa wamekula bugali na maharagi.

Na hata mwenye kukubaliwa hajamaliza shida. Katika malewa, akiomba chakula bila nyama, mara nyingi wanatoa vipande vya nyama katika supu, wanamletea supu ileile wakisema: « Papa, tumeisha kutoa. » Maharagi yana mfupa ndani. Sombe ina unga wa ndagala ambao mpishi hahesabu kama samaki. Hakuna ubaya katika roho ya mpishi. Kwake nyama ni kile kipande kinachoonekana, na ladha yake haihesabiwi.

Sasa mwenye feti naye asikilizwe, kwa sababu maumivu yake ni ya kweli. Ngombe ya arusi haianguki kutoka mbinguni. Familia imechanga, mjomba ametuma pesa kutoka Lubumbashi, mama ameweka likelemba yake ya miezi mingi, na wengine wameingia katika deni. Katika Bushi ngombe ni mahari, kwa Wanande mbuzi ni mahari. Mnyama ndiye anayefunga mapatano ya familia mbili, na kila mkubwa anajua fungu lake. Sahani ikirudi na nyama yake, mama huyo anaona miezi yake ya jasho ikirudi. Si haki kumcheka kwamba ni mtu wa zamani. Lakini si haki pia kwamba mgeni alipe heshima hiyo kwa kumeza kitu ambacho mwili wake ao roho yake inakikataa, kisha aende kutapika nyuma ya sale, jambo ambalo, kusema kweli, linafanana zaidi na karuho kuliko kukataa kwenyewe.

Kuna njia ambayo baadhi ya watu wasiokula nyama wameivumbua wao wenyewe, na inafanya kazi. Hawaachi sahani nusu, hawachezi na chakula. Wanaomba waongezewe: « Mama, sombe yako ni tamu, uniongezee kidogo. Nyama miye sikulake tangu zamani, fungu langu umpatie babu. » Mtu anayeomba sombe mara ya pili kutoka chungu cha nyumba hiyo hawezi kushitakiwa kwamba anaogopa sumu yake. Na babu hawezi kukasirika.

Upande wa wenye kualika, inatosha chungu kimoja cha maharagi ao cha sombe kipikwe kando, bila mfupa na bila ndagala, na kijiko chake kisiingie katika nyama. Bei yake ni ndogo kuliko bei ya katoni moja ya pombe. Tena siku familia mbili zinapokaa kupanga mahari, wakati wanapohesabu mbuzi na kreti za bia, shangazi mmoja anaweza kuuliza mbele ya wote: « Kwenu kuna mwenye hakulake nini? » Jibu likiandikwa kwenye karatasi ileile ya mbuzi, kando ya jina la bwana arusi, siku ya feti hakutakuwa mama wa kusimama na kijiko juu.