Mbele ya kumlipa avoka, muulize nani mwingine anamlipa

Katika miji yetu midogo ya mashariki mwa Kongo, kutafuta avoka kunaanza na swali moja: "Nani anafahamiana na mwamuzi?" Jirani anatoa jina, shemeji anatoa lingine, na jioni familia inakusanya makuta. Kwa maoni yangu, swali hilo ndilo linatupotezea kesi. Kama nguvu yote ya Metre ni urafiki wake na mwamuzi, siku upande wa pili ukileta makuta mengi zaidi, urafiki huo utahamia huko.

Afadhali kuuliza kwanza ana haki ya kusimama wapi. Sheria ya mwaka 1979 inatofautisha avoka na mtetezi wa sheria, yule tunayemuita defansere. Defansere anatetea kwenye tribinali ya amani na kwenye TGI anakoandikishwa. Kesi ikipanda kwenye korti ya rufaa, unahitaji avoka. Wako madefansere hodari, tena wanaokaa karibu na wakaaji kuliko maavoka wa mji mkubwa. Lakini anayejiita Metre na jina lake haliko kwenye tablo ya baro wala kwenye orodha ya madefansere, huyo ni komisioneri tu.

Kwa ndugu aliye kashoo, tafuta wa karibu. Katiba yetu, kifungu cha 18, inasema polisi hawawezi kumzuia mtu kupita saa 48 bila kumuachilia ama kumpeleka mbele ya wakubwa wa sheria. Kifungu cha 19 kinampa haki ya kuwa na mtetezi aliyemchagua mwenyewe, tangu anapohojiwa na polisi. Avoka mashuhuri aliye kilomita 200 mbali, kwa barabara hizi zetu, atafika saa hizo zimekwisha zamani.

Kwa ajali ya pikipiki na gari, familia nyingi zinapatana palepale barabarani kwa dola chache za dawa. Bima ya gari ni lazima tangu 1973. Metre anayejua kazi ataomba namba ya bima, PV ya polisi na karatasi ya daktari kabla ya kutaja bei yake.

Kwenye madini ndiko tunaumia zaidi. Kampuni ikifika kwenye grupema, inatafuta mwanasheria wa pale, na mji wenyewe pengine una maavoka watatu ama wanne. Mkulima ambaye shamba lake limefunikwa na matope ya mgodi anakuja kugonga mlango wa mmoja wao, bila kujua kwamba kampuni ilipita hapo mbele yake. Muulize waziwazi: "Metre, kampuni hii inakulipa?" Si matusi, ni haki yako. Sheria ya madini, jinsi ilivyobadilishwa mwaka 2018, kifungu cha 285 bis, inamlazimisha mwenye haki ya madini kulipa hasara aliyoletea watu, mali na mazingira, hata kama hakuna kosa wala uzembe. Basi avoka anayekuambia "kosa lao ni vigumu kulionyesha, pokea wanachotoa", ama hajasoma kifungu hicho, ama kuna mtu anayempendelea kuliko wewe. Hapo ni bora kijiji kichange na kutafuta avoka wa mji mwingine. Wavuvi wa Ziwa Kivu nao wafikirie mapema: mwaka 2022 serikali iliweka kwenye mnada bloku 3 za gesi ya ziwa hilo.

Asiye na makuta, kila baro inapaswa kuwa na ofisi ya mashauri ya bure kwa maskini. Shida ni kwamba ofisi hiyo iko kwenye mji mkubwa, na nauli ya kwenda huko inaweza kula bei ya mbuzi. Mabatonie wangetuma maavoka wawili tu kwenye miji midogo, mara moja kwa mwezi, siku ya soko.