Yokebedi Alilipwa Mshahara, Lakini Musa Aliishia Ikulu



Leo neno langu ni kwa watu wa kanisa letu walio Marekani, hasa ninyi mnaosomesha watoto nyumbani. Ninyi wa hapa Kenya msiondoke. Nitafika kwenu pia, na nusu yenu mna dada au mtoto huko ambaye mtamtumia ujumbe huu kabla ya chakula cha jioni.

Swali mnaloniuliza ni moja: "Pastor, kuna basari mpya inakuja kupitia kodi. Tuichukue ama tuiache?"

Tuelewane kwanza ni pesa gani. Tarehe 4 Julai 2025 Rais Trump alitia sahihi sheria kubwa ya kodi na matumizi ya serikali. Ndani yake kuna kifungu kinachosema kwamba kuanzia 2027, mlipa kodi akitoa pesa kwa shirika linalotoa basari za wanafunzi, kodi yake itapunguzwa kwa kiasi hicho hicho, hadi dola 1,700 kwa mwaka. Wewe wa Nairobi unayekatwa PAYE, angalia karatasi yako ya mshahara. Ile relief ya shilingi 2,400 kila mwezi hutolewa kwenye kodi yenyewe, si kwenye mshahara. Hii ya Marekani inafanya kazi kwa njia hiyo. Ukitoa dola 1,700, na kodi unayodaiwa inafika hapo, kodi inashuka kwa dola 1,700. Mfukoni hujapungukiwa na kitu.

(Kwa sababu hiyo, mpendwa, usije ukaniambia hiyo ndiyo sadaka yako ya mwaka. Sadaka ambayo Kaisari amekurudishia yote bado hujaitoa. Na fungu la kumi lisiguswe!)

Kuna masharti. Jimbo lenyewe lazima likubali kujiunga, kwa hiyo jirani wa jimbo moja anaweza kupata na wa jimbo lingine akose. Mapato ya familia yasizidi mara tatu ya mapato ya wastani ya eneo lake, na hapo familia nyingi za wauguzi na madereva wetu zinaingia bila shida. Shirika haliruhusiwi kupokea pesa zako na kuziwekea jina la mtoto fulani. Hapa sisi Wakenya tutajikwaa. Tumezoea harambee: mtoto wa Mama Wanjiru amepata nafasi, tunachanga, risiti ina jina lake. Kule huwezi kumwambia shirika, "hizi ni za mpwa wangu." Na msianze ile ya nipe kwa wangu nikupe kwa wako. Sheria inakataza kumtengea mtoto pesa, na ujanja wa kuizunguka ni ujanja tu hata ukiombewa.

Sasa tuje kwa anayesomesha nyumbani. Sheria inataja karo, vitabu, tuisheni, kompyuta, huduma za mtoto mwenye mahitaji maalum. Ukisoma haraka unasema haleluya. Lakini gharama hizo zimefungwa kwenye neno "shule," na shule ni kile ambacho sheria ya jimbo lako inakiita shule. Texas, kufuatia uamuzi wa Mahakama ya Juu ya jimbo hilo wa 1994, nyumba inayosomesha watoto kwa kweli inahesabiwa kuwa shule ya kibinafsi. Jimbo la Washington, tangu sheria yao ya 1985, mafundisho ya nyumbani yamewekwa kando, tofauti na shule za kibinafsi. Kwa hiyo dada wawili waliolelewa Kisii, mmoja Dallas na mwingine Tacoma, wanaotumia mtaala ule ule na kusali sala ile ile asubuhi, wanaweza kujikuta pande mbili za sheria moja.

Wengine wananiambia, "Pastor, hii si pesa ya serikali. Imetoka kwa mtoaji ikaenda kwa shirika." Kisheria wana hoja. Mwaka 2011, katika kesi iliyotoka Arizona, Mahakama ya Juu ya Marekani iliwazuia walipa kodi kushtaki mpango wa namna hii, kwa kuwa pesa hizo hazikuwa zimepita kwenye hazina ya serikali. Sawa. Lakini tazameni Florida.

Florida imekuwa na basari za kupitia kodi tangu 2001. Mwaka 2023 walifungua mlango kwa watoto wasio shuleni muda wote, kupitia mpango unaoitwa PEP. Mzazi anapata maelfu ya dola za mtaala, tuisheni na vifaa. Ni msaada mkubwa, na siudharau. Lakini mzazi akiingia PEP hawezi kubaki kwenye orodha ya elimu ya nyumbani ya wilaya yake, lazima ajiondoe. Kila mwaka anaandika mpango wa masomo, na mtoto lazima afanye mtihani unaotambulika. Yule aliyebaki kwenye orodha ya zamani anaweza kumwita mwalimu aliyesajiliwa akague madaftari ya mtoto, wamalizane. Meza ni ile ile ya jikoni, mama ni yule yule, lakini mbele ya sheria mtoto wake amehamishiwa kundi lingine. Pesa zenyewe hazikupita serikalini, ila jina lilibadilika.

Hapo ndipo namkumbuka Yokebedi. Soma Kutoka sura ya pili. Binti Farao anamwokota mtoto kwenye kisafina, Miriamu anajitokeza kwa hekima, na mama mzazi anaitwa kumnyonyesha mtoto wake mwenyewe, tena kwa mshahara wa ikulu! Nadhani hakuna mama mwingine katika Maandiko aliyelipwa kulea aliyemzaa. Tunapenda kuhubiri hapo, watu wanasimama, wanapiga makofi. Wachache wanasoma mstari unaofuata. Mtoto alipokua, Yokebedi alimpeleka kwa binti Farao, akawa mwana wake, na hata jina Musa alipewa na binti Farao.

Simlaumu Yokebedi. Mbadala wake ulikuwa mto Nile. Na ile miaka michache aliyopata ilitosha, maana Musa alipokuwa mtu mzima bado alijua Waebrania ni ndugu zake. Mungu alikuwa ndani ya mpango ule. Lakini Yokebedi alijua kwamba anayelipa mshahara ana siku atakayomwita mtoto. Wewe unajua?

Na Ezra je? Alipokea fedha na dhahabu ya mfalme kwa ajili ya hekalu, lakini aliona haya kumwomba askari wa njiani, akafunga na kusali. Nehemia alikuja baadaye, akasafiri na maofisa na wapanda farasi wa mfalme huyo huyo. Wote wawili walifika Yerusalemu. Kwa hiyo asisimame mtu kwenye kikundi chetu cha maombi na kumwita mwenzake msaliti kwa sababu amepokea basari.

Ninyi wa hapa nyumbani, jambo hili si geni kwenu. Pita kwenye lango la shule yoyote ya zamani iliyoanzishwa na wamishonari, utaona neno "mdhamini" na jina la kanisa. Wamishonari walipokea ruzuku ya serikali ya kikoloni kwa sababu mzigo ulikuwa mzito. Sheria ya Elimu ya 1968 ikaja, usimamizi ukaenda serikalini, na kanisa lililojenga madarasa likabaki mdhamini. Watoto wengi walisoma, na namshukuru Mungu. Lakini hadi leo maaskofu na walimu wakuu wanavutana kuhusu mdhamini ana usemi gani.

Basi msimamo wangu ni huu. Mama ambaye mtoto wake hajaanza kuongea na bima imekataa kulipia tiba ya usemi, chukua pesa hizo ukizistahili, ujaze fomu bila kuona aibu. Baba uliyetoa watoto shuleni kwa sababu ya imani, na nyumba yako inaenda vizuri kwa vitabu vya maktaba na jumuiya ya wazazi wenzako, usibadilishe hadhi yako ya kisheria kwa ajili ya kompyuta mpya. Itachakaa kwa miaka minne, na kurudi ulikotoka huenda kusiwe rahisi kama kuingia. Mpango ninaoupenda zaidi ni ule wa Oklahoma wa 2023: anayesomesha nyumbani anadai hadi dola 1,000 kwa kila mtoto kwenye hesabu yake ya kodi, kwa gharama alizotumia kweli. Unatunza risiti, basi. Hakuna shirika katikati.

Na kanisa, mnisikie. Ni rahisi kuwaonya watu juu ya masharti ya wengine wakati sisi wenyewe hatujatoa chochote. Kama tunaamini agizo la Kumbukumbu la Torati 6 kwamba mzazi amfundishe mtoto aketipo nyumbani, basi yule mama mwenye watoto wanne na mshahara mmoja asilazimike kuchagua kati ya uhuru wake na kitabu cha hesabu. Ushirika wetu wa Texas una pesa za sherehe ya mwisho wa mwaka. Nimeshaongea na mzee wa ushirika, na ameahidi kulileta jambo hili mezani mwezi huu.

Ninyi wazazi, kabla ya kutia sahihi popote, mume na mke kaeni chini na sheria ya jimbo lenu na mtafute mahali mlipoandikwa: shule ya kibinafsi, elimu ya nyumbani, au kitu kingine. Asiyeelewa Kiingereza cha mawakili anitumie inbox, niko na ndugu wawili wanasheria huko ambao wamekubali kuwasomea bila malipo.